Mzizi Ambao Bado Una Kazi: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya Kagera

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya;
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI;
Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya;
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kagera;
Wakurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Muleba na Manispaa ya Bukoba.

YAH: KUOKOA MIZIZI YA MENO INAYOWEZA KUOKOLEWA, BUKOBA NA MULEBA



Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linamgusa kila mwenye kinywa. Mtu mzima akivunjika jino la mbele usawa wa ufizi, akaenda kituo cha afya cha umma, jibu analolitarajia ni moja: ganzi, koleo, pamba, nenda nyumbani. Tafiti za afya ya kinywa zilizofanyika nchini kwa miongo kadhaa zimerudia jambo lile lile, kwamba huduma inayotolewa kuliko zote katika vituo vya umma ni kung'oa. Tumeizoea hali hiyo mpaka kwa watu wengi kwenda kwa daktari wa meno na kwenda kung'oa ni safari moja. Hoja yangu ni kwamba mzizi wenye afya, ulioshikwa barabara na mfupa, ni mali ya mgonjwa hata kama sehemu ya juu ya jino imekwisha. Ujuzi wa kuutumia mzizi huo upo, vifaa vipo, na mpangilio wenu wa huduma, ugavi na malipo ndio unaoamua kama mkazi wa Bukoba au Muleba ataufaidi au ataishia kuuona ndani ya beseni. Sitajifanya sina upande katika hili.

1. Tuanze na kitu chenyewe. Jino likioza au kuvunjika hadi kiini chake kikafa, mzizi unaweza kubaki mzima ndani ya mfupa. Daktari husafisha mfereji wa mzizi, huua vijidudu kwa dawa, kisha huujaza mfereji kwa gutapacha, utomvu wa mti unaofanana na mpira. Kama juu ya ufizi limebaki jino la kutosha, kuziba kunatosha na habari inaishia hapo. Kama kimebaki kigutu tu, hakuna pa kushikiza jino jipya. Hapo ndipo daktari anapoondoa sehemu ya gutapacha, akaacha milimita 4 hadi 5 kwenye ncha ili vijidudu visipite, na kuingiza nguzo nyembamba ndani ya mfereji. Nguzo hiyo hugandishwa kwa simenti ya meno, juu yake hujengwa gutu jipya, na gutu huvalishwa kofia. Mgonjwa anaondoka na jino linalosimama juu ya mzizi wake mwenyewe.

Wazo hili ni la zamani. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alishaeleza nguzo za metali zinazoingizwa kwenye mizizi. Baadaye walitokea waliotumia vijiti vya mbao. Mbao zilikunywa unyevu wa kinywa, zikavimba, zikakaza vizuri kabisa, kisha zikaupasua mzizi uliozibeba. Kosa hilo linastahili kukumbukwa, kwa kuwa hadi leo wapo wanaodhani nguzo huuongezea mzizi nguvu. Mkulima wa Kamachumu anayeegemeza mgomba wenye mkungu mzito anajua kwamba mti ule wa kuegemezea hauufanyi mgomba kuwa imara zaidi. Unabeba mkungu tu usianguke kabla ya kukomaa. Nguzo ya mzizi ni hivyo hivyo. Kazi yake ni kubeba gutu na kofia, na kila punje ya jino inayochongwa ili kuipisha ni hasara ambayo hairudi.

Kwa hiyo sitetei kila mzizi. Kofia inahitaji kukumbatia jino la asili kwa milimita 2 hivi kuzunguka pande zote; bila ukingo huo, nguvu zote za kutafuna zinaishia kwenye nguzo na simenti, na kazi haidumu. Mzizi uliopasuka wima, au unaocheza kwa sababu mfupa umeliwa, ung'olewe bila kupoteza muda. Ninachodai ni kwamba mzizi upimwe kabla ya koleo kuinuliwa, na sababu ya kuung'oa iandikwe.

2. Roho ya kazi hii ni simenti, na hapo ndipo naona dhamana yenu imelala. Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari walitumia simenti ya zinki fosfeti. Hiyo haishikamani na jino; inajaza mikwaruzo ya pande mbili na kuzuia kitu kisichomoke. Mwaka 1972 Alan Wilson na Brian Kent wa Maabara ya Mkemia wa Serikali, London, waliitangaza simenti ya glasi-ayonoma, inayoungana kikemia na kalisi ya jino lenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Unga na kimiminika vinakorogwa kwa mkono juu ya karatasi laini, kwa nusu dakika hivi, na ni lazima uiweke ingali inang'aa. Mng'ao ukishapotea, uwezo wake wa kushika jino nao umekwenda. Haihitaji umeme. Kisha zikaja simenti za resini, ambazo ndizo zinazofaana zaidi na nguzo za faiba, yaani za nyuzinyuzi. Nguzo ya chuma cha pua ni ngumu kupita jino zaidi ya mara 10, na ikizidiwa inaweza kuondoka na mzizi. Ile ya faiba inakaribia tabia ya jino; ikishindwa, mara nyingi inabanduka tu, na daktari anaweza kuirudia.

Lakini resini ina masharti, na masharti hayo yanatekelezwa ndani ya tundu jembamba kuliko njiti ya kiberiti, mahali ambapo jicho halifiki. Kuta za mfereji zimepakwa uchafu wa kuchimbia. Usipoondolewa, simenti itashikana na uchafu badala ya jino. Dawa ya klorini iliyoua vijidudu huacha oksijeni inayozuia resini isigande sawasawa, hivyo ni lazima isuuzwe na kukaushwa kwa vijiti vya karatasi, kimoja baada ya kingine, hadi kimoja kitoke kikavu. Taa ya bluu ya kugandishia haimuliki hadi chini, kwa hiyo inatakiwa simenti inayoweza kujigandisha yenyewe gizani. Na muda wote huo tone moja la mate likipenya, kazi imeharibika. Ndiyo maana jino huzungushiwa kipande cha mpira kinacholitenga na kinywa kizima. Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji kipaji cha pekee. Vinahitaji vifaa ambavyo muda wake haujapita, mpangilio, na daktari ambaye hana foleni ya watu 40 mlangoni. Hayo matatu hayawezi kununuliwa na daktari wala na mgonjwa. Ni ya kwenu.

3. Hoja yangu ya tatu ni juu ya tiba inayoishia nusu. Kutibu mzizi bila kulijenga jino ni kama kuchimba msingi na kuuacha unyeshewe. Kifuniko cha muda kikikaa miezi, mate hupenya pembeni, vijidudu hurudi ndani ya mfereji, na jino lililotibiwa linang'olewa kwa maumivu yale yale. Kisha watu husema tiba ya mzizi haifai. Chanzo cha nusu hii mara nyingi ni namna huduma zinavyokatwa vipande: kupiga picha ni jambo moja, kusafisha mfereji ni jingine, nguzo na simenti ni la mgonjwa kujitafutia, kofia ni anasa. Mgonjwa anakatiza pale fedha zinapokatika. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita chake kipya tarehe 1 Machi 2024, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya bei za huduma moja moja. Kwa jino lenye kigutu, huduma moja moja haina maana. Kinachotibu ni mnyororo mzima, kuanzia picha ya kwanza hadi kofia, na ndio unaopaswa kuwa na bei moja na haki moja.

4. Kagera ina jiografia yake. Tiba ya mzizi na nguzo inaweza kuchukua safari mbili, tatu au zaidi kwa daktari. Kwa anayeishi Kashai au Hamugembe, hilo ni suala la nauli ya bodaboda. Kwa anayeishi Goziba, Bumbire au Ikuza, kila safari ni mtumbwi au boti, hali ya ziwa, siku ya kazi iliyopotea, kisha gari hadi Muleba mjini au Bukoba. Ukimwambia mtu huyo amfuate mtaalamu Mwanza, umemwambia apande meli ya usiku kwenda, na nyingine kurudi, na akaifanye safari hiyo tena baada ya wiki mbili. Akichagua kung'oa, msiseme hathamini meno yake. Amepiga hesabu kwa usahihi kabisa, na hesabu hiyo ninyi ndio mliompangia namba zake.

Na wanaohitaji nguzo hawako mbali kuwatafuta. Ajali za bodaboda huvunja meno ya mbele ya vijana, na meno hayo mara nyingi yalikuwa hayana uozo wowote: taji limekatika, mzizi umebaki mzima ndani ya mfupa mzima. Ndio mzizi bora kuliko wote wa kubebeshwa nguzo. Ukiung'oa, mfupa unaanza kunywea, na sehemu kubwa ya unyweaji huo hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Meno jirani huinama kuelekea kwenye pengo, la upande wa pili hushuka au kupanda kulifuata. Kijana wa miaka 20 anaanza maisha ya meno ya bandia ya kuvua na kuvaa, yatakayobadilishwa mara kadhaa kabla hajafika uzee. Anaziba mdomo kwa kiganja anapocheka, na anapokwenda kuomba kazi hotelini au benki anazungumza kama mtu mwenye cha kuficha.

5. Najua mtakayojibu, na majibu hayo yanastahili kujibiwa kwa heshima.

La kwanza ni vipaumbele. Mkoa huu umepambana na malaria kwa miaka yote. Mwaka 2023 homa ya Marburg ilitokea Bukoba Vijijini, na mwanzoni mwa 2025 ikarudi Biharamulo. Nani atazungumzia kofia za meno mbele ya hayo? Nami sidai shilingi hata moja iliyotengwa kwa dharura au kwa wajawazito. Kiti cha meno, daktari, ganzi na koleo tayari vinagharimiwa. Hoja ni kile kinachofanyika juu ya kiti hicho. Tena gharama ya kung'oa haiishii siku ya kung'oa. Inaendelea kwenye meno ya bandia, kwenye chakula kisichotafunika, kwenye jino la pili linalofuata la kwanza. Hasara hiyo haionekani katika vitabu vya hospitali kwa sababu inalipwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Ugonjwa wenye watu wengi kiasi hicho hauwezi kubaki jambo la urembo.

La pili ni kwamba nguzo hushindwa. Ni kweli, hubanduka, na nyingine huvunja mizizi. Lakini sehemu kubwa ya kushindwa huko ina sababu zinazojulikana: ukingo wa jino usiotosha, mfereji uliochongwa mpana mno, simenti isiyofaa, kofia iliyochelewa. Kazi inayojulikana sababu zake za kuharibika inasimamiwa kwa mwongozo na ukaguzi. Haiachwi.

La tatu ni kwamba wagonjwa wanachelewa. Wanachelewa kweli, na hapa nawaomba mtafakari kwa nini. Mtu anayejua kwamba jibu ni koleo hana sababu ya kuwahi. Atavumilia kwa karafuu na panadol hadi ashindwe kulala, kwa kuwa kuwahi na kuchelewa kunamfikisha kwenye beseni lile lile. Mwambieni kwamba akifika mapema ataziba, akichelewa kidogo atatibiwa mzizi, na akichelewa zaidi atawekewa nguzo, na mtaona saa ya kufika inabadilika. Huduma ndiyo inayozaa tabia.

La nne linasemwa chini kwa chini, kwamba mambo haya ni ya Dar es Salaam na ya Ulaya. Historia inakataa. Mbinu ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa simenti ya kushikamana, bila mashine wala umeme, ilianza kujaribiwa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya Jo Frencken na wenzake katika shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia mwaka 1994, na leo inafundishwa na kutumika katika nchi nyingi duniani. Nchi iliyoionyesha dunia kwamba simenti nzuri inaweza kufika kijijini haiwezi kumwambia mtu wa Nshamba kwamba simenti nzuri haimhusu.

6. Kuna pia wajibu mliokwisha kuukubali. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na amalgamu, ile metali ya kijivu ya kuzibia meno, iko njiani kuondoka. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 nchi wanachama zinatakiwa kutoiruhusu, au kushauri isitumike, kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Nafasi yake inachukuliwa na simenti na kompositi (vizibio vya resini) zinazoshikamana na jino, yaani familia ile ile ya vifaa ninavyovisemea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza simenti ya glasi-ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Amalgamu ikiondoka na simenti zisipofika, pengo litazibwa na koleo. Bohari ya Dawa ilishajisogeza hadi Muleba. Umbali wa ghala si kisingizio tena.

7. Basi maombi yangu ni haya, na nayataja kwa jina ili jibu nalo lije kwa jina.

Mganga Mkuu wa Mkoa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba itangazwe kuwa kituo cha mnyororo mzima: picha ya mionzi ya jino, mpira wa kutengea jino, gutapacha, nguzo za faiba za ukubwa wa aina mbili au tatu, simenti ya resini inayojigandisha, taa ya bluu iliyopimwa nguvu yake, na fundi sanifu wa maabara ya meno anayetengeneza kofia hapa hapa mkoani. Ziwekwe siku maalumu za wagonjwa wanaotoka visiwani, ili kazi ya ziara mbili ifanyike kwa moja kila inapowezekana. Wataalamu wanaofundisha Muhimbili waombwe kuja kwa zamu kufundisha hapa, juu ya kiti cha hapa.

Mkurugenzi wa Muleba, glasi-ayonoma isikosekane hata wiki moja katika vituo vyako. Hospitali za makanisa za Rubya, Ndolage na Kagondo, ambazo wananchi wamezitegemea kwa miaka mingi, ziingizwe katika mpango kwa mkataba ulioandikwa. Tabibu wa meno aliyeko Muleba apewe kipimo rahisi cha kuamua mzizi upi upelekwe Bukoba na upi ung'olewe, na awe na uwezo wa kufunga jino kwa usalama wakati mgonjwa anasubiri.

Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeahidi neno "wote". Andikeni katika kitita, kwa Kiswahili kinachosomeka, tiba ya mzizi, nguzo, simenti na kofia kama huduma moja kwa jino linalotimiza masharti ya kitaalamu, na masharti hayo myatundike ukutani. Kama rasilimali hazitoshi kwa meno yote, anzeni na meno ya mbele ya walio chini ya miaka 30. Nitaupokea mwanzo huo kwa mikono miwili.

Waheshimiwa Mawaziri, agizeni kila kliniki ya meno ya umma mkoani Kagera itoe kila robo mwaka namba mbili: meno ya kudumu yaliyong'olewa na yaliyookolewa, pamoja na sababu za yaliyong'olewa. Namba hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri, karibu na taarifa za mapato na matumizi. Naomba taarifa ya kwanza ibandikwe ndani ya robo ya kwanza ya mwaka wa fedha ujao, yaani kabla ya mwisho wa Septemba, na vifaa nilivyovitaja viwe na kifungu chake katika bajeti itakayoanza tarehe 1 Julai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Muleba